Forodhani, Mji Mkongwe, Zanzibar: mwongozo kamili wa kuitembelea bustani, sio kwenda kula tu

Watu wengi ukiwatajia Forodhani wanawaza pweza na pizza. Sawa, hata mi nakula huko, ila ile ni bustani kwanza, soko la chakula linakuja jioni na linaondoka usiku. Ukifika saa mbili na nusu usiku ukaenda moja kwa moja kwenye meza za samaki, ukala ukaondoka, basi umelipa nauli ya boti kwa ajili ya mshikaki. Ushauri wangu ni kwamba ufike saa kumi alasiri, tumbo liwe na nafasi, uzunguke kwanza, usubiri magharibi, afu ndo ule. Yaliyobaki hapa chini ni namna ya kufanya hivyo bila kuchoka na bila kupigwa bei.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda wapi

Forodhani ipo ukingoni mwa bahari upande wa Mji Mkongwe, barabara ya Mizingani, ukiipa bahari mgongo unatazamana na Ngome Kongwe na jumba la Beit al Ajaib. Haina kiingilio. Narudia, haina kiingilio, mtu akikusimamisha akasema kuna tiketi ya bustani au "mchango wa usafi" mwambie ahsante uendelee kutembea.

Zamani hapo ndo palikuwa forodha, mizigo inashuka, inahesabiwa, inalipiwa ushuru, mpaka shughuli za bandari zikahamia Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini. Mwaka 1936 eneo likatengenezwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, ndo maana kwenye picha za kale utaona inaitwa Jubilee Gardens. Baadae ikachakaa sana, ukuta wa bahari ukawa unaliwa na maji, maji machafu, taa hakuna, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture, wakajenga upya ukuta, wakatandika njia za kutembea, wakapanga nyasi, taa na sehemu ya watoto kuchezea. Kuna wazee wa mjini mpaka leo wanasema ile ya zamani ilikuwa na raha zaidi, mi nadhani wanakumbuka ujana wao, ila siwezi kuwabishia mbele yao.

Hatua ya pili: chagua siku, na uangalie mwezi

Hii watu hawaambiwi kabisa. Raha moja kubwa ya Forodhani alasiri ni vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, wanakimbia kutoka mbali, wanapiga sarakasi hewani, wanaingia majini, wanapanda tena. Sasa hao wanaruka maji yakiwa yamejaa tu, maji yakitoka hapo chini ni mchanga na mawe na mashua zimelala ubavu, hakuna wa kuruka, na harufu ya pwani kavu unaipata vizuri tu.

Namna ya kujua ni rahisi, huhitaji hata programu kwenye simu. Kwa Unguja, siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku mbili tatu za kuzunguka hapo, maji yanajaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri. Ndo muda wenyewe huo. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, saa hizo hizo za alasiri unakuta bahari imepwa. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4 kwahiyo sio kitu kidogo, ukuta huo huo unaweza kuuona maji yanagonga juu au yapo mbali huko. Kama una uhuru wa kupanga tarehe, panga na mwezi. Kama huna, nenda tu, mengine yapo.

Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, mvua inaweza kukuvurugia usiku mzima, wauzaji wanafunika meza kwa maturubai na wengine hawatoki. Bei za vyumba zinashuka lakini. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, hali ya hewa ni nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, joto sio la kuua na jua linazama upande wa bahari wazi, wakati Desemba na Januari linazama limesogea kushoto upande wa mtaa wa Shangani. Kwa wapiga picha hilo lina maana.

Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, mji unajaa, Forodhani inajaa mpaka foleni ya juisi inafika barabarani. Ni raha kama unapenda watu. Kama una mama mzee au watoto wadogo, tafuta wiki nyingine.

Ramadhani inahitaji maelezo yake. Mchana usile wala usinywe hadharani, hata maji, hata kama wewe sio Muislamu, ni heshima na kuna maafisa wanaweza kukusimamisha. Bustani unaweza kukaa, kivuli kipo. Baada ya futari mji unafufuka, watu wanatoka tarawehe wanakuja kupunga upepo, familia nzima, kuanzia saa tatu mpaka usiku mkubwa. Wengine wanaona Ramadhani ni mwezi mbaya wa kutembelea Unguja, mi naona kwa Forodhani ni mwezi mzuri ilimradi ule futari mahali pengine kwanza, usije hapo saa kumi na mbili na nusu una njaa, wauzaji wenyewe wanafuturu.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka Dar boti za kasi zinachukua kama saa mbili hivi kutoka bandari ya pale Posta. Beba kitambulisho halisi, cha NIDA au pasipoti, sio picha kwenye simu. Na jambo ambalo linawaumiza watu wa bara wanaotaka kwenda na kurudi siku moja: boti ya kasi ya mwisho kurudi Dar inaondoka alasiri, wakati huo Forodhani ndo kwanza inaanza. Kwahiyo kama unataka Forodhani ya usiku lazima ulale, tafuta gesti Mji Mkongwe au Malindi, usikubali ya mbali eti nafuu, usiku utalipa tofauti yote kwenye teksi.

Ukitoka getini bandarini utapokelewa na mapapasi. Hawa ni vijana wanaoishi kwa kumshika mgeni mkono, watakuonesha hoteli, watakubebea begi, watakupeleka Forodhani "bure kabisa rafiki". Wengine ni watu wazuri tu lakini mwisho wa safari kuna bei. Huhitaji kupelekwa. Ukitoka getini shika kulia, fuata barabara ya Mizingani bahari ikiwa upande wako wa kulia, usikate kona yoyote, dakika kumi mpaka kumi na tano kwa mguu upo Forodhani. Mtu akikuganda sema "ahsante kaka, mi mwenyeji" hata kama sio, lafudhi yako itakusaliti ila ataelewa kwamba hutaki.

Kutoka uwanja wa ndege kuna daladala namba 505, au teksi, patana kabla ya kupanda. Kutoka mashamba, Nungwi, Paje, Jambiani, mwambie utingo unakwenda mjini, Darajani, afu kutoka hapo unakatiza vichochoro kuelekea baharini. Utapotea. Kila mtu anapotea, Mji Mkongwe sio mkubwa kiasi hicho, uliza "Forodhani wapi" kwa mama yeyote mwenye duka na usisahau kusalimia kwanza. Ukianza na swali bila salamu, utajibiwa, ila utajibiwa mkato.

Hatua ya nne: alasiri, anza na Mti Mkubwa, sio bustanini

Hii ni njia ninayowapitisha wageni wangu. Ukitoka upande wa bandari unakutana na Dispensari ya Kale, lile jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa mpaka unajiuliza fundi alikuwa analipwa kwa siku au kwa ua. Mbele kidogo kuna Mti Mkubwa, mti wenyewe umepandwa mwaka 1911 na Sultan Khalifa, na chini yake manahodha wa boti za kwenda kisiwa cha Changuu wanangoja abiria. Kama unataka kwenda kuona kobe kesho yake, hapo ndo pa kupatana, ila kwa leo pita.

Unafuata Beit al Sahel, kasri walilokuwa wanaishi masultani mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, sasa ni makumbusho. Kama unataka kuingia ndani, siku hiyo wahi kufika kabla ya saa kumi maana wanafunga mapema. Simama hapo mbele uangalie baharini, kwasababu tarehe 27 Agosti 1896 asubuhi manowari za Waingereza zilijipanga hapo zikapiga makombora kasri kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alijitangaza sultani bila ridhaa yao. Vita vyenyewe havikufika hata saa moja. Meli ya sultani, Glasgow, ikazama hapo hapo mbele ya mji na milingoti yake ikabaki inachungulia juu ya maji kwa miaka, mpaka 1912 ndo wakaivunja. Ukiziona picha za zamani za bandari na ukashangaa ile milingoti inayotoka majini, ndo hiyo. Kasri jingine la katikati, Beit al Hukm, liliharibiwa lisijengwe tena.

Halafu Beit al Ajaib, ambayo Sultan Barghash aliijenga 1883, na ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki. Usije na matarajio ya kuingia ndani, liangalie kwa nje ukiwa upande wa bustani. Utasikia wazee kwenye viti wakibishana nani alaumiwe na lingetakiwa kukarabatiwa mwaka gani, sikiliza tu, ni elimu ya bure.

Mwisho Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, na waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno. Imeshakuwa jela, imeshakuwa karakana ya ile reli ya zamani ya kwenda Bububu, imeshakuwa hata kiwanja cha tenisi cha wanawake, sasa kuna jukwaa la tamasha na maduka ya vitu vya kumbukumbu. Ingia, zunguka, toka. Dakika ishirini zinatosha, isipokuwa kama kuna mazoezi ya ngoma au taarabu jioni hiyo, hapo kaa.

Hatua ya tano: bustani yenyewe

Sasa vuka barabara. Saa kumi na moja hivi bustani ina hali yake ambayo usiku haipo, wanafunzi wametoka skuli, wazee wamekaa kwenye mabaraza ya mawe, mama na mwanawe wanagawana mfuko wa njugu, na meza za chakula bado hazijatoka au ndo zinasukumwa na mikokoteni. Ukikaa muda huu kwenye kivuli cha ile miti mikubwa hakuna anayekusumbua kununua, labda muuza picha za tingatinga mmoja na kijana wa kahawa.

Vitu vya kuangalia. Katikati kuna kijukwaa cha bendi, hapo bendi ya sultani ilikuwa inapiga muziki raia wasikilize. Karibu na maji kuna lango jeupe lenye madirisha ya kiarabu na ngazi za kushukia baharini, lilijengwa 1956 kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret kutoka Uingereza. Leo linatumika zaidi na wapenzi kupiga picha na watoto kujificha, matumizi mazuri tu. Ukitazama upande wa kushoto, kule barabara inapoingia chini ya jengo, lile ni jengo lililokuwa kituo cha watoto yatima, gari zinapita chini ya vyumba vyake, ukipita hapo unatokea Shangani.

Wanaoruka baharini wanaanzia kwenye ukuta upande wa katikati. Kaa pembeni, usikae kwenye njia yao ya kukimbilia maana hawasimami. Umati unakusanyika, kila anayeruka vizuri anapigiwa kelele, anayeangukia tumbo anapigiwa kelele zaidi. Wengine wataomba chochote kwa ajili ya kupigwa picha, ni hiari yako, ila usimhamasishe mtoto mdogo aruke kwa ajili ya video yako, kuna mawe chini na sio wote wanajua maji yapo kiasi gani. Na wewe mgeni uliyepata mzuka, tafadhali baki ukutani.

Hatua ya sita: magharibi

Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, inategemea ni mwezi gani wa mwaka. Dakika kama ishirini kabla, tafuta nafasi ukutani. Majahazi ya watalii yanapita na tanga zao, ngalawa zinarudi, kila mtu simu juu. Halafu adhana inaanza, kwanza msikiti mmoja kwa mbali, kisha mwingine, kisha yote. Kama unaswali misikiti ipo karibu kila kona nyuma ya Ngome, fuata sauti. Kama huswali, punguza sauti ya spika yako, ndo adabu.

Wakati huo huo mkaa unawashwa na taa za meza zinawaka moja moja. Usikimbilie. Wauzaji wengi wanakuwa tayari kabisa baada ya saa moja, na pilika yenyewe ni saa mbili mpaka saa tatu.

Hatua ya saba: kula, kwa mpangilio

Kwanza zunguka duru nzima mikono mfukoni. Wauzaji wamevaa aproni na kofia ndefu nyeupe za kipishi, kila mmoja ataita, "karibu boss, karibu dada, jodari, nguru, kamba, koche, pweza, kuangalia bure". Kweli kuangalia ni bure, kwahiyo angalia. Unatafuta meza yenye wateja wanaozungumza Kiswahili na yenye vijiti vinavyopungua na kuongezwa, sio meza yenye mlima mzuri wa vyakula ambao hauguswi.

Pili, bei kabla ya sahani. Shida nyingi unazozisikia za Forodhani zinaanza hapa: mtu anapewa sahani, muuzaji anamwekea hiki na hiki, "onja na hii", mwisho inakuja jumla ya kushtua. Dawa yake ni kuuliza kila kitu peke yake na kwa sauti.

"Salaam alaykum kaka, mshikaki wa pweza shingapi?"

Anakutajia. Unacheka kidogo. "Hiyo ya wageni kaka, ya sisi je?" Anacheka na yeye. Anashusha. Hapo unasema idadi: "nipe miwili, na chapati moja, basi." Neno "basi" ni muhimu, litamke. Kisha rudia jumla mwenyewe kabla hajaanza kupasha. Ukifanya hivyo hakuna ugomvi, maana wengi wao ni wafanyabiashara wa kawaida tu wanaojua kwamba mtu asiyeuliza ana hela. Kama bei haishuki na huitaki, "ahsante kaka, nazunguka nakuja" inatosha, usitukane bei ya mtu.

Na ukishaagiza baki pale pale. Kuna vijana wanakuwa katikati ya mteja na meza, anakuchukulia oda, anakupeleka ukakae, anakuletea bili yake. Simama mbele ya jiko, lipa mwenye jiko.

Sasa nini cha kula. Anza na juisi ya miwa. Simama karibu na mashine uangalie: muwa unapita katikati ya magurudumu, unatoka umepondeka, jamaa anaukunja, katikati anabana kipande cha ndimu na tangawizi, anaurudisha, anaukunja tena, anaurudisha, mpaka kinachotoka upande wa pili ni makapi makavu ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Inakuwa na povu la kijani, kali kidogo kooni. Kama tumbo lako ni la wasiwasi mwambie asikuwekee barafu.

Pweza chukua bila hofu kubwa, maana anakuwa ameshachemshwa akalainika na pale kwenye makaa anapata moshi tu, mwombe akate vipande vidogo akupe na ndimu na pilipili. Ngisi ni hivyo hivyo. Kwa samaki na kamba kuwa makini zaidi, na kamba koche, yule mkubwa ambaye anawekwa mbele kabisa kwa ajili ya macho, mi huwa namwacha akae, ni ghali na huwezi kujua amekaa pale tangu lini, muuzaji ukimuuliza siku zote ni "wa leo". Kama unataka samaki kweli, chagua kipande kibichi au kilichoiva nusu akuchomee mbele yako mpaka ndani, usikubali kile kikavu kinachopashwa tu juu juu. Harufu ikikuambia hapana, ni hapana, hata kama ulishapatana bei.

Mishikaki ya ng'ombe na kuku haina siri. Na mihogo ya kuchoma, ndizi, mkate wa kumimina kama ukiukuta, kachori, badia, sambusa, hivi ndo vinakushibisha kwa hela ndogo wakati wenzio wanapiga mahesabu ya koche. Familia kubwa, fanyeni hivi: nunueni vingi vya bei rahisi, pweza mmoja wa kugawana, juisi kila mtu wake.

Zanzibar pizza sio pizza, wala haijawahi kudai hivyo mbele yangu. Jamaa anachukua donge dogo la unga lililolala kwenye mafuta, analitandaza kwa kiganja mpaka unaona meza chini yake, katikati anaongeza kijipande kingine cha unga isije ikatoboka, juu kima, kitunguu, pilipili hoho, mayonezi, jibini kidogo, anavunja yai, anakoroga hapo hapo kwa kijiko, anakunja pande nne kama bahasha na kuitupia kwenye chuma cha moto. Inakula dakika chache, inaliwa ikiwa moto. Ya nyama au ya kuku ni tamu. Ya chokoleti na ndizi watoto wanaipenda, mi sijawahi kuielewa lakini foleni yake ni ndefu kwahiyo labda tatizo ni langu. Moja inatosha watu wawili kama mmeshakula vingine.

Urojo nao upo. Ule uji wa njano wa embe mbichi na ndimu, ndani viazi, badia, kachori, mshikaki, yai, juu chipsi nyembamba za muhogo na chatne. Wenyeji watakuambia urojo wa kweli uko mitaani mchana, sio Forodhani usiku, na kwa hili nakubaliana nao. Ila kama unaondoka kesho asubuhi, kula wa hapo, usiondoke Unguja bila urojo kabisa. Pilipili wekewa pembeni.

Ukimaliza, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kashata. Kijana wa kahawa unamsikia kabla hujamuona, anagonganisha vikombe.

Mambo madogo ambayo yanaharibu au yanaokoa jioni

Beba shilingi taslimu, noti za elfu moja, mbili na tano, chenji ya elfu kumi usiku ni mtihani. Malipo ya simu wengi wanapokea, uliza kwanza mtandao gani. Dola zamani walikuwa wanapokea pia ila kwa kiwango cha kwao.

Weka kabisa bajeti ya chakula mfuko mmoja na hela nyingine mfuko mwingine, wa mbele. Umati ni umati.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanamme. Hakuna atakayekufukuza, lakini utaangaliwa, na mama mmoja mtu mzima anaweza kukupa ushauri usiouomba. Kanga moja begani inamaliza kesi. Pombe hakuna bustanini, usije na yako.

Picha za watu, omba. Hasa kina mama na watoto wao. Wauzaji wanapenda kupigwa picha lakini wanapenda zaidi ukinunua kwanza.

Vyoo, jisaidie mahali unapolala au ununue soda kwenye mgahawa wa jirani utumie chao, usisubiri mpaka mtoto aanze kuruka ruka.

Paka watakuja. Ni wengi na wanajua kazi yao, usiwalishe karibu na sahani yako la sivyo watakuwa sita. Mbu nao wanatoka magharibi, jipake dawa miguuni kabla. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilishapigwa marufuku miaka mingi, kwahiyo njoo na kikapu au mkoba wa kitambaa, na vijiti vya mishikaki tupa kwenye pipa maana watoto wanatembea peku kwenye zile nyasi.

Kurudi

Kuanzia saa nne usiku meza zinaanza kufungwa na saa tano panakuwa kimya. Ukilala Mji Mkongwe tembea kwa njia zenye taa, Mizingani au Kenyatta Road, usikate vichochoro usivyovijua saa hizo eti ramani ya simu imesema, ndani ya kuta zile nene GPS inachanganyikiwa na wewe utafuata. Ukilala mbali, teksi zinakaa nje ya Ngome, patana hapo hapo kabla hujafungua mlango, na kama mlikula vizuri na mwenye jiko mmoja, muulize yeye nauli ya kawaida ya unapokwenda ni kiasi gani, atakuambia ukweli kwa sababu kwenye teksi yeye hana chake.